Mistari ya grafu yangu inaingiliana: niandike kwamba vyakula vya kuku havitofautiani?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa sayansi ya wanyama, niko Morogoro. Jaribio langu lilikuwa la kulisha vifaranga vyakula sita: kimoja ni chakula cha kawaida cha dukani, vitano nimevichanganya mwenyewe kwa dagaa, soya, mashudu ya alizeti, mashudu ya pamba na funza wa nzi. Kila chakula kilipewa vizimba vitatu, kila kizimba vifaranga kumi. Mwisho wa wiki ya sita nikampima kila kuku kwenye mzani.

ANOVA, kile kipimo kinacholinganisha wastani wa makundi yote kwa pamoja, imesema kuna tofauti. Hapo sina shida. Shida ilianza msimamizi wangu aliponiambia, "Nioneshe kwenye mchoro chakula kipi kinatofautiana na kipi, na uweke masafa ya uhakika." Nikachora nguzo sita, kila moja na mstari wake wa asilimia 95 juu yake, unaoonesha mipaka ambamo wastani huenda upo. Mistari mingi inaingiliana. Rafiki yangu tunayekaa chumba kimoja, yeye ni mtu wa SPSS (programu ya takwimu), aliangalia mara moja akasema, "Mistari ikiingiliana hakuna tofauti. Andika hivyo ulale."

Sikulala. Nilijaribu TukeyHSD, amri ya kulinganisha jozi zote, kwenye R (programu nyingine ya takwimu), nikachora, ikatoka mistari kumi na mitano iliyolala, majina mengi hayaonekani, na kuna mstari wa nukta katikati ambao sijui ni wa nini. Rafiki yule yule akaja na wazo jingine: nitumie LSD, njia inayopima kila jozi peke yake, kwa sababu amejaribu takwimu zangu kwenye kompyuta yake na LSD imetoa jozi nyingi zinazotofautiana, zikiwemo zile ambazo mistari yake inaingiliana. Anasema wasahihishaji wanapenda kuona tofauti.

Msimamizi wangu naye ni wa zamani, anapenda zile herufi a, b, ab juu ya nguzo (vyakula vinavyoshiriki herufi havijaonesha tofauti), na mimi kumbishia siwezi. Nichore nini, Shangazi? Natetea tasnifu hivi karibuni.

Mpwa wako mwenye vifaranga

* * *

Marahaba mwanangu. Rafiki yako mpe salamu, ila mwambie amekupa kanuni mbili zinazopingana ndani ya wiki moja na hajaona haya.

Tuanze na nguzo zako. Kila nguzo na mstari wake inajibu swali moja tu: wastani wa uzito kwa chakula hiki uko baina ya wapi na wapi? Nguzo sita, maswali sita. Msimamizi hakukuuliza hayo. Ameuliza kipi kinatofautiana na kipi, na vyakula sita vinatoa jozi 15. Kila jozi ina namba yake, yaani wastani mmoja ukitoa mwingine, na namba hiyo ina mpaka wake wa chini na wa juu. Hayo ndiyo masafa ya kuchora. Mistari 15 iliyokutoka kwenye R ndiyo hiyo hasa, na ule mstari wa nukta ni sifuri: mahali ambapo vyakula viwili vingelingana.

Takwimu zako sinazo, kwa hiyo nitatumia zilizomo ndani ya R yenyewe. Andika `chickwts` utaziona. Ni uzito wa vifaranga 71 waliogawanywa kwa bahati nasibu kwenye vyakula sita na kupimwa kwa gramu walipofikisha wiki sita. Zilichapishwa kwenye jarida la Biometrika mwaka 1948. Jaribio la kale, lakini ni kama ndugu wa lako. Wastani wake ni huu: alizeti 328.9, kasini ya maziwa 323.6, unga wa nyama 276.9, soya 246.4, kitani 218.8 na maharage mapana 160.2.

Chukua kitani na maharage. Tofauti yao ni gramu 58.6. Ukitumia makosa ya ANOVA ya pamoja, masafa ya kitani peke yake ni kama 187 hadi 250, ya maharage ni 126 hadi 195. Yanaingiliana, rafiki yako hapo angeshalala. Sasa chora tofauti yenyewe bila marekebisho yoyote, ambayo ndiyo LSD: unapata 12 hadi 105, sifuri iko nje. Kisha chora kwa Tukey: −10 hadi 128, sifuri iko ndani. Kuku ni wale wale, mzani ule ule, na michoro mitatu haisemi neno moja.

Mchoro wa kwanza na wa pili inagombana kwa sababu ya hesabu ndogo tu. Kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba inavyoyumba kwa bahati, la tofauti halipatikani kwa kujumlisha makosa mawili. Unayapandisha kipeo cha pili, unajumlisha, kisha unatafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Makundi yakiwa sawa, kosa la tofauti ni kama mara 1.41 ya kosa la kundi moja, si mara 2. Lakini jicho linaposubiri mistari miwili iachane kabisa, linajumlisha nusu ya huu na nusu ya ule, yaani linadai mara 2. Jicho linadai kupita kiasi. Mtu mwenye makundi mawili tu akifuata kanuni ya rafiki yako, atazika tofauti ambazo zipo.

Kanuni hiyo imeishi miaka yote kwa sababu mara nyingine inabahatisha. Kwa makundi sita, mistari ya asilimia 95 huachana wastani zikitofautiana kama mara 4 ya kosa sanifu la kundi, na Tukey wa makundi sita, mwenye kuku wa kutosha, hudai kama mara 4.15. Zinakaribiana. Watu wakaona inafanya kazi, wakaipeleka mpaka kwenye makundi mawili na matatu, ambako haifai hata kidogo.

Ugomvi wa LSD na Tukey ni wa aina nyingine. Ukiuliza maswali 15 na kila moja ukaliruhusu likudanganye mara 5 kwa 100, basi hata kama vyakula vyote ni sawa kabisa, kwa wastani kila jaribio litakuletea tofauti za uongo 0.75. Karibu moja nzima, na hujui ni ipi. Njia aliyoieleza John Tukey mwaka 1953 inatanua mistari yote kwa pamoja ili ile asilimia 95 iwe ya mchoro mzima na si ya mstari mmoja mmoja. Kramer mwaka 1956 akaipanua ifae makundi yasiyo na idadi sawa, kama haya yenye kuku 10 huku na 14 kule. Kwenye `chickwts`, LSD inatoa jozi 12 kati ya 15 zinazotofautiana. Tukey inatoa 8. Hizo nne zilizodondoka ndizo rafiki yako anazozionea huruma.

Usichague njia kwa kuangalia ipi imekupa nyingi. Rudi kwenye pendekezo lako la utafiti usome uliandika nini kabla hujanunua kifaranga hata kimoja. Kama uliandika utalinganisha vyakula vyote, ni Tukey. Kama uliandika utalinganisha vyakula vyako vitano na kile cha dukani, basi hukuwa na maswali 15, ulikuwa na 5, na kwa hayo kuna njia ya Dunnett ya kulinganisha kila kundi na moja la kawaida, ambaye mistari yake ni myembamba kuliko ya Tukey kwa haki kabisa kwa sababu umeuliza machache. Nahisi wewe ni wa kundi hili la pili. Mfugaji anataka kujua kama aache kununua cha dukani. Dagaa dhidi ya mashudu ya pamba ni udadisi wako wewe na wenzako.

Sasa kuna jambo hukuniuliza, na ndilo lililonikosesha raha niliposoma barua yako. Vizimba.

Una kuku 180 na vizimba 18. Chakula hukumpa kuku, ulikimimina kwenye kizimba. Kuku kumi wa kizimba kimoja wanakula kihori kimoja, wanapata joto la taa moja, na mmoja akiharisha wote wanaharisha. Ukiwahesabu kama mashahidi kumi wanaojitegemea, R itakuamini: itakupa digrii huru (idadi ya taarifa zinazojitegemea za kupimia makosa) 174 na mistari myembamba ya kupendeza. Ukweli ni kwamba jaribio lako lina vipimo 18, na digrii huru 12. Mistari itatanuka, na baadhi ya tofauti zako zitayeyuka. Najua inauma. Inauma zaidi mjumbe wa jopo akikuuliza mbele ya watu.

Dawa yake ni rahisi kuliko unavyoogopa. Tafuta wastani wa kila kizimba kwanza, kisha fanya ANOVA kwa namba hizo 18:

```
kuku$chakula <- factor(kuku$chakula)
v <- aggregate(uzito ~ chakula + kizimba, data = kuku, FUN = mean)
m <- aov(uzito ~ chakula, data = v)
summary(m)
```

Ule mstari wa kwanza usiuruke. Wengi huandika vyakula kama 1 mpaka 6, R ikadhani ni kiasi cha kitu fulani ikachora mstari mmoja wa mwelekeo. Utajua kwa jedwali: chakula kikionesha digrii huru 1 badala ya 5, umeingia mtego huo, na TukeyHSD itakataa kufanya kazi. Kama kuna vizimba vilivyopoteza kuku wengi na vingine havikupoteza, afadhali utumie `lmer` ya kifurushi cha R kiitwacho lme4, ukiweka `(1 | kizimba)` ili ijue kuku wa kizimba kimoja ni kundi. Ila hapo vizimba vipewe namba 1 mpaka 18, usirudie 1, 2, 3 kwa kila chakula, la sivyo kompyuta itadhani kizimba cha 1 cha dagaa na kizimba cha 1 cha soya ni kimoja.

Kuchora kwa haraka ni hivi:

```
par(mar = c(5, 14, 4, 2))
plot(TukeyHSD(m), las = 1)
```

`las = 1` inalaza majina yasomeke, na ile 14 inaongeza nafasi upande wa kushoto. Majina yako hayakupotea. R huyaacha yale yanayogongana. Mchoro huu unatosha kujionea mwenyewe. Wa tasnifu nakushauri uutengeneze kwa vifurushi vya R viitwavyo emmeans (cha kulinganisha wastani) na ggplot2 (cha kuchora), kwa sababu unataka kupanga jozi kwa ukubwa wa tofauti, si kwa alfabeti:

```
library(emmeans)
library(ggplot2)
em <- emmeans(m, ~ chakula)
d <- as.data.frame(confint(pairs(em)))
ggplot(d, aes(x = estimate, y = reorder(contrast, estimate),
              xmin = lower.CL, xmax = upper.CL)) +
  geom_vline(xintercept = 0, linetype = "dashed") +
  geom_pointrange() +
  labs(x = "Tofauti ya wastani wa uzito (gramu)", y = NULL)
```

`pairs` hutumia Tukey bila kuambiwa. Ukitaka Dunnett, badilisha iwe `contrast(em, "trt.vs.ctrl", ref = 1)`, ukihakikisha chakula cha dukani ndicho cha kwanza kwenye mpangilio; kama kipo nafasi ya nne, andika 4. Na usome jina la kila jozi kabla ya kuandika sentensi. "Dagaa - soya" yenye namba hasi maana yake soya imezidi. Nimeshaona tasnifu inasifu chakula kilichoshindwa, kisa alama ya kutoa.

Mtego mmoja tu wa emmeans: ukiandika `plot(em)` utapata masafa ya kila wastani peke yake, yaani nguzo zako zile zile zimelala ubavu. Mwongozo wa kifurushi chenyewe unaonya usiyatumie kulinganisha. Ukipenda mchoro wa wastani sita ambao jicho linaweza kuulinganisha bila kudanganyika, andika `plot(em, comparisons = TRUE)`. Itaongeza mishale, na mishale hiyo, tofauti na mistari, imepimwa ili ikiingiliana iwe kweli jozi haijaonesha tofauti. Kwa hiyo kanuni ya rafiki yako ina mahali pake, alikosea mchoro. Yeye wa SPSS, kwa taarifa, jedwali lake la Multiple Comparisons lina masafa ya tofauti tayari, ila kila jozi imeandikwa mara mbili, mbele na nyuma, kwa hiyo vyakula sita vinatoa safu 30. Achague 15.

Ukishachora, usihesabu tu iliyovuka sifuri na isiyovuka. Angalia mipaka imeishia wapi. Kwenye `chickwts`, alizeti na kasini tofauti yake kwa Tukey ni −60 hadi 71. Kitani na maharage ni −10 hadi 128. Zote mbili zimevuka sifuri, na mwandishi mvivu ataandika "hakuna tofauti" kwa zote. Lakini ya pili inakwambia kitani huenda kinaongeza gramu mia na zaidi kwa kuku ambaye mwenzake ana gramu 160. Kilichokosekana ni kuku wa kutosha wa kuthibitisha. Hata ile ya kwanza haisemi vyakula viko sawa. Inasema tofauti, kama ipo, huenda haizidi gramu 71 kuelekea upande wowote, na gramu 71 ni ndogo au kubwa atajibu anayeuza kuku, si R. Kabla hujatetea, kaa uamue ni gramu ngapi zingemfanya mfugaji wa kwenu abadilishe chakula, kisha uchore mstari mwembamba hapo pia. Jopo litakupenda.

Na hizo herufi za Profesa. Kwa `chickwts` zingekuwa alizeti a, kasini a, unga wa nyama ab, soya b, kitani bc, maharage c. Ona: alizeti na kasini zinashiriki a, kitani na maharage zinashiriki c. Herufi zimeyafanya mambo mawili niliyokueleza yawe kitu kimoja. Mimi sizichukii, kwenye jedwali zinasaidia msomaji mwenye haraka. Lakini haziwezi kumwambia ni gramu ngapi wala kwa uhakika gani, na yeye mwenyewe ndiye aliyeomba masafa.

Kwa hiyo usimbishie. Mpe herufi zake kwenye jedwali la wastani, ukizipata kwa njia ile ile iliyotumika kwenye mchoro, maana herufi za LSD pembeni ya mistari ya Tukey ni aibu itakayoonekana. Kisha mwoneshe mchoro wa tofauti useme, "Profesa, nimejaribu kuonesha na ukubwa wake kama ulivyoniagiza, naomba unielekeze kama unafaa." Wazee wa kazi hii wanaijua hesabu vizuri, walichokosa zamani ni kompyuta ya kuuchora kwa dakika mbili. La vizimba mwambie mapema, ana kwa ana, usimwachie alikute kwenye rasimu. Ukimkuta ametulia asubuhi, ndiyo siku yako.

Chini ya mchoro andika kila kitu anachohitaji mtu asiyekujua: "Nukta ni tofauti ya wastani wa uzito kwa gramu, chakula cha majaribio ukitoa cha dukani. Mistari ni masafa ya uhakika ya pamoja ya asilimia 95 kwa njia ya Dunnett, kutokana na wastani wa vizimba 18." Kama umebaki na Tukey, badilisha jina na ueleze ni jozi zote. Idadi ya kuku 180 iweke kwenye sura ya mbinu.